Bangili Katika Wimbo wa Saba

Uligeuza uso. Usiniulize lini, nitakwambia lini. Ni siku ile uliyoinunua albamu ya filamu ya Lami Nyekundu, ukaipachika ndani ya gari lako, ukaipiga kwenye harusi ya mdogo wako, ukaifanya dawa ya foleni ya magari ya Sion. Jaladani kuna gari jekundu linaruka daraja. Ndani kuna nyimbo kumi na mbili za kila kabila: bhangra ya kuvunja kiuno, vijana wa kufokafoka, magitaa yanayolia kama breki, kawali ya makofi ya wezi wa magari wanaotubu kabla ya kuiba tena. Halafu wimbo wa saba. Gari linaanguka mtoni polepole, injini inakufa, milio yote inakufa, na mwanamke mmoja anambembeleza mtoto alale. Ulilia hapo. Nchi nzima ililia hapo. Kisha ukageuza jalada, ukasoma "Ketaki Rai", ukaridhika.

Na ndani ya ule wimbo kuna kitu kiligonga, mara moja, waziwazi. Sikio lako lilikisikia. Ukaliambia sikio linyamaze.

Basi kaa. Leo utasikiliza.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili 2003, saa tano asubuhi, Kurla, kwenye ile barabara ambako magari yanakuja kufa. Milango imepangwa kama vitabu, vioo vimeegemezwa ukutani, mafundi wanakata vyuma, cheche zinarukia miguu ya wapita njia, na hakuna anayeomba radhi. Katikati ya vurugu hiyo Anselm Rebello alikuwa amepiga magoti nyuma ya Fiat iliyotobokatoboka, maikrofoni mkononi, masikio yamezibwa na hedifoni kubwa nyeusi. Kijana wa Bandra, miaka ishirini na tisa, shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake, kijisalaba shingoni. Alikuwa fundi wa sauti. Ametumwa kukusanya milio ya injini za Lami Nyekundu.

"Kaka, huyo marehemu," sauti ilisema juu ya kichwa chake. "Hata ukimpima mapigo."

"Shh! Narekodi."

"Unarekodi nini? Moshi?"

"Mlio wa injini. Wa filamu."

"Wenzako wanarekodi midomo ya watu. Wewe umetoka kwenu asubuhi yote hii na shati jeupe kuja kurekodi makalio ya gari?"

Duka zima la vioo lilicheka. Anselm alivua hedifoni, akainua uso tayari kugomba, na ugomvi ukamkauka mdomoni. Msichana alikuwa amevaa kanzu na shalwari za rangi ya embe bichi, mtandio ameufunga kiunoni kama mtu anayekwenda vitani, grisi kwenye kiwiko, na mkono wa kushoto bangili sita za kioo cha kijani. Alikuwa anatafuna bagia ya kiazi ndani ya mkate, hana haraka.

Kabla hajapata la kusema, dereva wa teksi aliingia kwenye duka la honi, duka la mjomba wa yule msichana, akiwa na honi moja mkononi. "Dada, mwenzake amekufa. Nipatie mwingine."

Msichana aliigusisha ile honi kwenye betri. Ikalia. Akaikamata noti yake kwa koo, akiivuta mmm moja ndefu, akalitembelea lundo la honi mia tatu huku ile noti haijamtoka mdomoni. Akaacha moja, akaacha ya pili, akainama, akachomoa ya tatu iliyojaa kutu. Akazigusisha zote mbili. Zikaimba. Si kelele, zikaimba, moja juu, moja chini, kama watu wawili waliokulia nyumba moja.

"Umejuaje?" Anselm aliuliza.

"Honi huzaliwa mbili. Mmoja akifa, aliyebaki hupiga kelele tu, haimbi. Kazi yangu ni kuwaoza wajane." Akaifuta mikono. "Na wewe unaandika nini kwenye hicho kikaratasi?"

"Kila ninachorekodi lazima niandike ni nani au ni nini. Ndiyo sheria ya kazi."

"Basi hicho kidude kilikuwa wazi, umenirekodi na mimi. Niandike."

"Unaitwa nani?"

"Sulabha Kamble. Andika lote. Watu wakifika kwenye Kamble kalamu zao huishiwa wino."

Aliandika. *Honi mbili, Kurla. Sauti: Sulabha Kamble.* Kumbuka kikaratasi hicho. Mimi sijakisahau.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu, kwa mtindo wetu wa siku zile, wa kubip. Mlio mmoja: nimefika. Miwili: nakuwaza. Mitatu: toka nje ya duka, niko ng'ambo ya barabara nimeshika chai mbili.

"Umebip mara nne," Sulabha alimwambia siku moja. "Nne ni nini?"

"Nne ni nakupenda."

"Na kwa nini unaongea kama unalipa faini? Sema tena."

"Nakupenda, Sulu."

"Sulu ni jina la mbuzi. Sulabha."

"Nakupenda, Sulabha Kamble."

"Mm. Sasa umelipa."

Nyumbani kwa Sulabha, Chembur, chumba kimoja na jiko, alikuwepo mama yake, Anusaya, mfagiaji wa hospitali. Kila tarehe kumi na nne Aprili, sikukuu ya kuzaliwa Babasaheb, mtetezi wa matabaka yanayodharauliwa kama la kina Kamble, Anusaya aliimba mbele ya maandamano mpaka sauti imkauke, na usiku akambembeleza Sulabha kwa wimbo wa susu, wa kulaza watoto, aliourithi kwa mama yake mwenyewe. Kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini, kwenye ukumbi wa vihara, hekalu lao la Kibudha, kidole kikitambaa chini ya maneno kama chungu.

"Jina letu nimelisoma mahali pengi," alikuwa akisema. "Orodha ya zamu za kufagia. Kadi ya mgao. Jalada la polisi, kaka yako alipopigwa. Sijalisoma mahali pa furaha hata mara moja."

"Utalisoma, mama."

"Lini?"

"Kabla meno yako hayajaisha."

"Basi fanya haraka. Yamebaki tisa."

Hicho ndicho alichokitaka Sulabha. Hakutaka gari, hakutaka ghorofa ya Juhu. Jina moja, mahali pa furaha, chini ya kidole cha mama yake.

Juni mvua zilipoanza kupiga mabati, Anselm alimpigia. Simu kweli, si kubip.

"Njoo studio Andheri kesho saa nne. Bwana Bhalla anatafuta mtu wa kushikia nafasi."

"Kushikia nini?"

"Nafasi. Ketaki Rai, mwimbaji mwenyewe, yuko ziarani. Mtu anaimba kwanza ili wapiga vyombo wafuate, halafu Ketaki akirudi anausikiliza, anaujifunza, anaimba juu yake. Yule wa kwanza anafutwa."

"Kwa hiyo niimbe ili nifutwe."

"Wengi wakubwa wameanzia hapo, mpenzi. Mara nyingine mtunzi akiipenda sauti, anaiacha. Ikiachwa, jina lako linapanda kwenye jalada. Imeshatokea."

"Imetokea mara ngapi?"

"Imetokea."

Tarun Bhalla, mtunzi wa muziki, alikuwa mtu wa shati la hariri na miwani ya jua ndani ya nyumba. Sote tulimwita mkubwa. Ndiyo, sote, nilikuwepo, nimekaa mstari wa nyuma na fidla yangu, kwa hiyo usidhani nasimulia ya kuambiwa. Alimtazama Sulabha kuanzia ndala hadi nywele. "Binti, bangili zote nje. Maikrofoni hii inasikia mpaka dhambi."

Anselm alimpakia sabuni mkono palepale kwenye sinki. Moja ikatoka, ya pili, ya tano. Ya sita ikagoma kwenye kifundo.

"Nikiivuta itakukata."

"Iache. Nitaifunga na mtandio."

"Hizi tano?"

"Kaa nazo. Ukizivunja nakuvunja."

Akazitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Wapiga fidla tuliona tukapigana viwiko kama watoto wa shule.

Kisha akaimba. Maneno yalikuwa ya mtunzi, lakini alipofika mwisho pasipo na maneno alitia ule wimbo wa susu wa mama yake, pumzi kwa pumzi, na mzee wa ngoma, ambaye alikuwa amepiga kwenye filamu mia mbili na hajainua kichwa hata mara moja, aliinua kichwa.

"Nzuri," Bhalla alisema. "Itatosha kumfundishia Ketaki."

Na sasa nitazame machoni. Kila mkanda una boksi, na kwenye boksi fundi huandika jina la mwimbaji. Lakini kwa nafasi ya kushikiwa, desturi ya studio zetu ni kuandika jina la yule anayesubiriwa, si la aliyeimba. Hakuna aliyeitunga desturi hiyo, ilikuwepo tu, kama ukungu ukutani. Anselm, bangili tano za mpenzi wake zikiwa mfukoni, akachukua penseli, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya mapadri: *Wimbo wa 7. Ketaki Rai.* Hakuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Hakuna aliyesema kitu. Wapiga fidla kumi na sita. Hakuna.

Miezi ile mitatu walikuwa watu wenye heri. Walikaa kwenye mkahawa wa Muirani pale Bandra, mkate wa siagi kati yao, wakibishana arusi ya baadaye.

"Mama anauliza kama utabatizwa."

"Mwambie nimebatizwa na mafuriko ya Kurla kila mwaka, mpaka kiunoni."

"Na mama yako anauliza nini?"

"Anauliza kama Mkatoliki anaweza kufua nguo zake mwenyewe."

"Nitajifunza."

"Jifunze kwanza. Halafu uje kwa mjomba."

Septemba Ketaki Rai alirudi. Aliimba mara kumi na moja. Sauti safi, imenyooka kama rula. Mtoto hakulala. Bhalla aliinamia mitambo, akarudisha mkanda wa Juni, akausikiliza mpaka mwisho.

"Tunabaki na huu," alisema. "Mstari wa kwanza weka Ketaki, ile pumzi yake watu wanaijua. Kuanzia wa pili, yule wa Kurla."

"Kwa hiyo kwenye jalada, mkubwa, tunaandika wawili?"

"Boksi linasemaje?"

Anselm alilitazama boksi. Mwandiko wake ulimtazama.

"Linasema Ketaki."

"Sasa unaniuliza nini? Mabango yamechapwa. Na safisha zile kelele, kuna kitu kinagonga mle ndani."

Alikitafuta. Dakika ya pili na sekunde ya kumi na saba, mtandio ulikuwa umelegea na bangili ya sita ikagusa stendi ya maikrofoni. Ting. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Hakukibonyeza. Akauacha mlio ule ukae, na huo ndio ushujaa wote aliokuwa nao siku hiyo. Kipande cha kioo.

Kisha akafanya kosa kubwa kuliko la penseli. Akapiga simu.

"Sulabha! Sauti yako imebaki! Hawakuifuta!"

Alisikia honi, nyingi kwa pamoja. Sulabha alikuwa amezigusisha zote zilizokuwa mezani. "Sema tena!"

"Imebaki, mpenzi. Bwana Bhalla mwenyewe amesema."

"Mjomba! Imebaki! Mama atalala akicheka leo!"

Anselm alingoja aulizwe habari ya jina. Hakuulizwa, kwa sababu ni yeye aliyemwambia kwamba sauti ikiachwa, jina linapanda. Akajiambia atamweleza kesho. Kesho mtaa mzima wa Chembur ulikuwa umeshagawiwa ladu, vitamu vya furaha. Akajiambia atamweleza wiki ijayo. Unaijua wiki ijayo. Ndiyo siku unayopangia mambo yako yote ya haki.

Novemba albamu ilitoka. Sulabha alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya duka la Dadar, amevaa sari ya mama yake ya zambarau yenye pindo la dhahabu, maua meupe ya mogra nyweleni, kama bibi arusi. Hakuifungua njiani. Alikimbia nayo hadi nyumbani, majirani wakajaa mlangoni.

"Soma wewe, mama."

Anusaya aliifuta mikono, akaligeuza jalada, akaweka kidole. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Kidole kikatambaa. Wa saba. "Ke... ta... ki." Akasimama. "Rai." Akarudi juu. "Ngoja, nimeruka mstari. Macho yangu mabaya." Akaanza upya kutoka wa kwanza, polepole, kila herufi, mpaka wa kumi na mbili, mpaka mtu wa mapambo, mpaka aliyepika chai ya wapiga picha. Majirani waliondoka mmoja mmoja, wakivaa viatu bila sauti. Alipoanza mara ya tatu Sulabha alikishika kile kidole.

"Basi, mama. Basi."

Saa nane mchana alikuwa Andheri, na ile ile sari, mogra zimenyauka.

"Mimi ndiye niliyeimba," alimwambia Bhalla. "Unajua, wanajua hawa wote."

"Binti, hapa kila wiki linakuja jitu linasema ndiye aliyeimba." Bhalla akalitoa boksi kabatini, akaliweka mezani. "Soma. Huo mwandiko wa nani?"

Sulabha hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na barua kumi na nne za mwandiko huo chini ya godoro. Akamgeukia.

"Anselm. Sema nani aliimba."

Kiyoyozi kilinguruma. Wapiga fidla tulitazama nyuzi zetu.

"Anselm. Niulize siku ile nilivaa nini, nikwambie. Niulize sabuni ilikuwa ya rangi gani. Wewe sema neno moja tu."

Mdomo wake ulifunguka. "Boksi... ndivyo tunavyoandika siku zote, Sulabha. Ni desturi tu. Sikukusudia..."

"Sikukuuliza boksi."

Akangoja. Alingoja kwa muda ambao mtu angeweza kuimba ubeti mzima. Kisha akavuta sari yake begani na kutoka, na mlango wa studio, ule mzito wa kuzuia sauti, ukafunga nyuma yake bila mlio wowote.

Anselm alibip miwili, hakujibiwa. Minne, hakujibiwa. Februari wimbo wa saba ulipata tuzo, Ketaki akapanda jukwaani na gauni la fedha akawashukuru wazazi. Asubuhi iliyofuata Anselm alikuwa Kurla, shati jeupe, pete mfukoni, bangili tano kwenye leso, na kile kikaratasi cha Aprili.

"Nioe," alisema, halafu akajisahihisha, "yaani, niruhusu nikuoe. Tazama, nililitunza. Jina lako lote."

Sulabha alikichukua kikaratasi, akakisoma. "Honi mbili, Kurla. Sauti: Sulabha Kamble." Akacheka, na mafundi wa vioo safari hii hawakumsindikiza. "Kwenye honi umeniandika. Kwenye wimbo wa mama yangu umenifuta. Unajua kwamba nilikupenda kwanza kwa kikaratasi hiki?"

"Najua."

"Nenda kwenye chama cha wanamuziki. Kina mkutano Jumatatu. Simama, useme mbele yao neno moja ulilokataa kusema. Halafu uje na pete, hata ya bati, nitavaa."

"Nitafukuzwa kila studio, Sulabha. Nipe muda kidogo. Filamu hii ya sasa ikiisha..."

"Ungeniandika kule, ningekuamini uniandike kwenye cheti cha ndoa. Sasa utaandika nani? Nani anasubiriwa?"

Anselm aliziweka zile bangili tano juu ya kaunta, katikati ya honi. Sulabha aliivunja ile ya sita kwenye ukingo wa meza, kama wanavyovunja wajane siku mume anapokufa, akazikusanya zote, nzima na vipande, akazitupa kwenye lundo la vioo vya magari. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja. "Ndiyo, kaka. Nani kafa?"

Jumatatu nilikuwa kwenye mkutano. Kiti cha Anselm kilikuwa kitupu. Nami nilikuwa na mdomo, na sikuufungua. Nimeufungua leo, nimechelewa miaka yote hii, nitukane ukipenda. Lakini usinitukane halafu ukakaa.

Anselm yuko Dubai, anarekodi matangazo ya magari. Kila tarehe kumi na nne Aprili simu ya Sulabha hulia mara nne na kukatika. Yeye wakati huo yuko mbele ya maandamano Chembur, anaimba pale alipoimba mama yake, na simu iko kwenye mkoba.

Anusaya alikufa akiwa na meno manne. Kabla ya hapo aliomba kalamu. Akaliweka lile jalada kwenye goti, na pembeni ya wimbo wa saba akaandika, herufi zimepinda kama misumari iliyonyooshwa kwa jiwe: SULABHA KAMBLE. Ilimchukua alasiri nzima. Katika nakala zote zilizouzwa nchi hii, hiyo moja tu ndiyo iliyo sahihi.

Yako ni ya uongo, na iko ndani ya gari lako sasa hivi. Nenda kaitoe. Weka wimbo wa saba, dakika ya pili, sekunde ya kumi na saba, na ukiisikia ile bangili usijifanye hukuisikia tena. Chukua kalamu. Si penseli, kalamu. Geuza jalada. Andika jina lake, lote, mpaka Kamble. Inuka. Kalamu iko wapi?